Koti la Reli

Saa kumi usiku, Isyesye, mwezi wa saba,
mita ya Luku ililia ukutani kama kifaranga aliyefungiwa nje.
Nikaamka kuhesabu: nani anakula umeme saa hizi?
Taa zimezimwa. Pasi imepoa tangu Jumapili.
Nikapapasa ukuta hadi bafuni,
nikaweka kiganja kwenye tangi la maji.
Moto, kama paji la mtoto mwenye malaria.

Kumbe tunaishi na mgonjwa wa homa
mwaka wa nne sasa, tunamlisha tokeni.

Tulilinunua kwa mwenye gesti ya Soweto iliyofungwa,
lita themanini, jeupe, lina mkwaruzo ubavuni.
Usiku kucha linapasha maji,
maji yanapasha bati,
bati linapasha hewa,
hewa inatokea tundu la dirisha
kwenda kuupasha mlima Loleza.
Na Loleza haujawahi kusema ahsante.

Fundi Andendekisye alikuja na bisibisi moja na maneno mengi.
Akafungua kifuniko, akapiga mluzi:
"Dada, hapa wameweka sabini na tano.
Mnaoga au mnanyonyoa kuku?"
Akarudisha hadi sitini.
Akabadilisha washa ya bomba lililokuwa likidondosha
tone, tone,
kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake.
Kisha akaligonga tangi ubavuni.
"Huyu anakaa uchi, Mbeya, kipupwe hiki.
Mvisheni."

Kumvika nini?
Mwanjelwa niliulizia blanketi la tangi, wakacheka hadi wenye maduka ya jirani.
Nikaleta gunia la maranda kutoka kwa wapasua mbao,
mama akalikataa mlangoni: panya watahamia.

Tulipokuwa tunakunywa chai ndipo akaitaja habari ya debe.
"Baba yako akiingia zamu ya usiku, stesheni Iyunga,
aliniachia maji. Debe likishachemka
analizamisha kwenye tenga la majani makavu ya mgomba,
juu gunia, juu ya gunia shuka lake.
Alfajiri nawakogesha ninyi kwa maji ya uvuguvugu
na mafiga yamelala zamani.
Alikuwa akisema,
kila mzigo wa kuni una shingo ya mtu chini yake."

Akaenda chumbani.
Nikasikia kufuli ya sanduku.

Koti lilikuwa zito, rangi ya makaa ya mawe,
vifungo vinne vya shaba, mahali pa cha tano uzi mtupu.
Linanuka grisi na naftalini.
Miaka kumi na moja halijavaliwa;
hata Lugano, aliyerithi mabega yaleyale,
alikatazwa kulijaribu.
"Lizungushie," mama akasema, "kabla sijageuza moyo."

Tukaanza na sponji ya godoro bovu,
juu yake koti, mikono tukaifunga kwa nyuma.
Mabomba tukayavika mipira ya baiskeli na vitambaa.
Kidirisha cha nyaya tukakiacha wazi,
na valvu ipumue, kama fundi alivyoagiza.
Kola ikasimama yenyewe.
Subilaga alipokuja likizo alipiga yowe bafuni:
kuna mwanamume, ametupa mgongo.

Mwezi wa sita tulikula yuniti tisini na sita.
Huu, sitini na moja.
Nimeandika nyuma ya kalenda, kwa penseli,
maana bado siamini.

Mama hasomi namba zangu.
Saa kumi na moja, ukungu ukiwa bado umeshika mikaratusi,
namsikia anaingia bafuni.
Hawashi taa. Hafungui bomba.
Anakaa.

Nilipomuuliza, alisema anakagua kama tangi linavujisha joto.
Linavujisha?
"Kidogo," akasema.
"Pale kifungo kilipodondoka."